Siku Tatu Nje ya Dirisha la Karakana

Dada wa serikali alipoingia kwetu mtaani Nyalenda na tableti mkononi, kuandikisha watu wa kupewa pesa za msaada, mama alifunika sufuria. Haikuwa na kitu, ila hakutaka ionekane.

"Mama, jana mlikula mara ngapi?" dada akauliza.

"Tatu," mama akajibu bila kupepesa macho.

Haikuwa kweli. Tulikuwa tumekula mara moja, jioni, ugali na omena, wale dagaa wa ziwani. Tangu magoti yaanze kumsumbua mama, alikuwa ameacha kuuza samaki, nami nilikuwa nafulia watu nguo. Lakini mtaani ilisemekana kwamba ukipokea pesa hizo umeuza jina lako. Mama aliamini nusu. Mimi niliamini nusu iliyobaki.

Hata hivyo dada alipotoka nilimfuata hadi kwenye bomba la maji, nikamwambia ukweli. Akafuta, akaandika upya, akachukua alama ya kidole changu. Mama alipojua, hakunisemesha siku mbili. Ya tatu akaniuliza, "Nyathina, mwanangu, walikupa nini ndiyo ukanianika hivyo?"

Pesa ziliingia kwenye simu. Wiki nzima mama alikataa kuzigusa, akingoja mtu aje kuzidai. Hakuja mtu. Mwishowe akanituma nitoe kidogo tu, za dawa ya magoti.

Kisha mpango huohuo ukaniita kwenye mafunzo ya ufundi wa mabomba chuoni. Langoni askari alitaka tuache vitambulisho. Vya nini? Nilishasikia ya watu waliosajiliwa laini za simu wasizozijua kwa vitambulisho vyao. Nikarudisha changu kifuani, nikazunguka upande wa barabara, nikasimama nje ya dirisha la karakana. Siku tatu nilijifunza hivyo, kwa macho tu, wenzangu wakinicheka.

Siku ya nne mwalimu, mwanamume mnene mwenyeji wa Bondo, alikuja dirishani.

"Kitambulisho kaa nacho. Nimeshaongea na askari. Ingia."

"Unataka nini kwangu?"

"Nataka uache kuniziba mwanga."

Niliingia. Wenzangu walirudishiwa vitambulisho vyao kila jioni, na kila jioni nilisimama langoni kuhakikisha.

Siku hizi nafunga mabomba, mara nyingine hadi Luanda Kotieno. Mwalimu ndiye hunitafutia kazi za mbali. Hajawahi kuniomba chochote, na mpaka leo jambo hilo hunikosesha raha.