Shavuni Unatia Nini?

Daktari Zakiya ni mzaliwa wa mtaa wetu wa Kuze, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kazi yake ni kupasua saratani za mdomo, koo na shingo, na ameifanya miaka kumi na minane. Mimi namjua tangu yuko chuo cha Kurani akisoma juzuu. Nasema kweli: hakuisomea kazi hii kwa huruma peke yake. Aliisomea kwa kisasi.

Mamake, Bi Lamis, alikuwa mtu wa kutafuna tambuu. Kila alasiri alitia shavuni tumbaku ya vipakiti kutoka dukani kwa Khubaib, ambaye alikuwa akiwaambia wanawake, "Hii haina moshi, bibi. Hii ni yenu." Kidonda kilipomtoka ndani ya shavu, hospitalini aliulizwa, "Unavuta tumbaku?"

"Astaghfirullah! Mimi nivute?" Alikasirika hasa.

Basi ikaandikwa hatumii tumbaku, akapewa dawa ya kusukutua. Walipokuja kugundua ni saratani, shavu lilikuwa limetoboka. Bi Lamis alizikwa wakati Zakiya yuko kidato cha tatu.

Akasoma, akarudi na upasuaji wake, akaanza utafiti. Akakuta faili za wanawake wa Mji wa Kale na Tudor zimeandikwa vile vile: havuti, havuti, havuti. Akalifuta lile swali. Akauliza kikwetu, "Shavuni unatia nini, mamangu?" Wanawake wakacheka, wakafungua midomo. Katika wagonjwa mia moja na arubaini, mia na kumi na mmoja walikuwa wakitia tumbaku, na wengi wao hawajashika sigara maishani.

Mwaka jana maafisa waliita mkutano kuamua kama vile vipakiti vipigwe marufuku madukani. Tukajaa. Khubaib, sasa mzee wa ndevu za hina, akasimama na makaratasi ya zamani.

"Hospitali yenyewe imeandika wagonjwa hawatumii tumbaku! Daktari huyu ana chuki zake tu."

"Ninazo, Ami," Zakiya akasema, wala hakupandisha sauti. "Tena nyingi." Akasoma utafiti wake mpaka mwisho. Kisha akatoa kipakiti mkobani, akamwekea mezani. "Tia shavuni. Kaa nacho mpaka mkutano uishe."

Khubaib akacheka. "Mimi situmii."

"Tangu lini?"

"Sijatumia kamwe."

"Kwa nini, Ami?"

Khubaib akakisukuma kipakiti kando. Bi Aida, mgonjwa wa Zakiya aliyeondolewa nusu ya taya, akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mwambie basi! Na mkeo je, ulimpa? Au ilikuwa yetu tu?"

Ukumbi ukalipuka. Vipakiti vikapigwa marufuku.

Nje Khubaib akamfuata daktari. "Mwanangu, nipe mwezi mmoja tu nimalize mzigo wa stoo. Nisitiri."

"Mwezi mmoja mimi hupasua mashavu sita."

Alasiri ile ile Zakiya akafuatana na maafisa mpaka dukani. Khubaib akamtolea kiti. "Kaa, daktari, jua kali." Hakukaa. Alisimama barazani, mikono nyuma, akitazama katoni zikitolewa moja moja, na Khubaib akitazamwa na mtaa mzima.

Mimi humwomba Mwenyezi Mungu amlainishe moyo mwanetu yule. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, na nilipoletewa kiti mimi, nilikirudisha.