Bakuli la Bibi Somoe

Karafuu maiti ina harufu ya ubaridi hata jua likiwa la utosi. Niliifahamu harufu hiyo kabla sijamwona maiti yeyote, kwa sababu ilikaa nyumbani kwetu katika kijiji kiitwacho Ulaya, njia ya Kilosa kwenda Mikumi, ndani ya sanduku la mninga la bibi yangu mzaa baba. Bibi Somoe alikuwa amejiandaa kufa tangu mimi sijazaliwa. Sandukuni mwake mlikuwa na sanda iliyokunjwa vizuri, vipande vya udi, chupa ya marashi, hiyo karafuu maiti ndani ya kikaratasi, na bakuli moja la kaure la Kichina. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya Ramadhani, aliitoa sanda akaianika uani, akaketi kwenye kigoda kuilinda na kuku mpaka alasiri. Wapita njia waliokwenda gulioni walidhani ni shuka. Sisi wa nyumbani tulishazoea. Sare yangu ya shule ilianikwa kwenye kamba ileile, na maji ya sketi yakiidondokea sanda nilikemewa mpaka majirani wakasikia.

Bakuli lenyewe lilikuwa jeupe lililoelekea kijivu, lenye maua ya buluu ubavuni na samaki mmoja wa buluu chini kabisa, pale ambapo mlaji humwona akishamaliza uji. Bibi alizaliwa Kilwa Kisiwani, akaletwa Kilosa akiwa bi harusi kumfuata mume aliyekuwa manamba katika shamba la mkonge, na bakuli ndicho kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Alisema lilitoka Uchina kwa merikebu, zama ambazo Kilosa hapakuwa na reli wala mkonge, na kwamba huko kisiwani wakubwa wa zamani walizikwa katika makaburi ya mawe yaliyopachikwa mabakuli ya namna hiyo. Kwetu Ulaya nako makaburi yalikuwa na vyombo. Mtu akizikwa, sahani yake au kikombe chake kilitobolewa tundu, kikawekwa juu ya udongo upande wa kichwani. Shehe wetu hakupenda, lakini watu waliendelea. Bibi aliona kwao na kwetu pamekutana, akatuusia mara nyingi hata nikakariri: "Langu msilitoboe. Mlipachike kwa saruji, vile wanavyofanya kwetu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku nilipolivunja. Baba na Bibi walikuwa wamekwenda msibani Kisanga, na Mama alikuwa Mikumi, ambako kila wiki alipeleka mchele kuwauzia mama ntilie wa stendi. Nilikuwa peke yangu na ufunguo ulikuwa chini ya godoro. Nilitaka kumwona samaki ndani ya maji, basi, si zaidi ya hapo. Nilichota maji mtungini nikaliweka bakuli juani, nikalitikisa kidogo, na samaki akapunga mkia. Sijui kama nimewahi tena kufurahi vile. Nilipolinyanyua ili nimwage maji, lilinitoka mikononi likagonga ukingo wa kinu, likapasuka vipande vitatu. Nilivitumbukiza chooni, kimoja baada ya kingine, nikisikiliza kila kimoja kikifika chini. Kisha nikafunga sanduku, nikarudisha ufunguo mahali pake, nikafagia uani. Mama aliporudi alinisifu kwa kufagia.

Miezi mitatu ilipita na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeanza kusahau. Shaaban ilipofika Bibi akafungua sanduku. Hakupiga kelele. Alitoa kitu kimojakimoja akakipanga mkekani, akarudia tena, kisha akamwita Baba. Siku hizo kulikuwa na mtu aliyepanga chumba karibu na stendi ya Mikumi, akinunua sarafu za kale, saa mbovu na vyombo vya zamani, na habari zake zilikuwa zimefika hadi kwetu. Wiki ileile Mama alikuwa ametoka Mikumi na doti mpya ya khanga. Bibi aliitazama ile khanga kiunoni mwa Mama kwa muda mrefu. "Mkwe wangu," alisema, "umevaa bakuli langu." Mama alidhani ni utani. Alipoelewa alitia udhu, akashika Msahafu, akaapa kwamba hajawahi hata kuligusa. Bibi akanigeukia mimi. "Zena, wewe ndiye unayeshinda hapa. Uliona nini?"

"Sijui, Bibi," nilisema.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya, ila kwa mama yake alikuwa mdogo kuliko mimi. Alimwambia Mama aende kwao Zombo akapumzike kidogo, mambo yakitulia atamfuata. Hakumpa talaka, alitumia neno hilohilo la kupumzika, na mimi nilijikaza kuliamini. Mama alifunga godoro na begi lake kwenye baiskeli, akaisukuma mwenyewe. Nilimsindikiza hadi njia panda. Alinifunga kifungo cha shingoni nilichokuwa nimekisahau, akasema, "Uoge kila siku, na usimchoshe bibi yako." Hakuniuliza chochote kuhusu bakuli, na hilo liliniumiza kuliko kama angeniuliza.

Bibi hakupata nafuu yoyote kwa Mama kuondoka. Miguu ilimvimba, usingizi ukampotea, akawa anasema atakufa mikono mitupu, heri aone kwao mara moja. Mavuno yalipokwisha Baba alikubali. Mimi nilichukuliwa nimshike mkono na kumfulia nguo, yaani kazi ambayo ingekuwa ya Mama. Nasema kweli, nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kupanda basi kubwa. Tulilipandia Mikumi, na lilipoingia mbugani abiria wa mbali walisimama wakaelekeza kamera zao kwa tembo waliokuwa kando ya barabara. Bibi aliwatazama kwa hasira. "Wanatumalizia mahindi," alisema, "halafu wanapigwa picha." Basi zima lilicheka, na mimi nikajiona mjukuu wa mtu maarufu. Mpaka Dar es Salaam sikumkumbuka Mama hata mara moja.

Kilwa Masoko tulipelekwa kwanza ofisini, maana hakuna anayevuka kwenda kuona magofu bila kuandikwa. Kijana mwongoza wageni alimwamkia Bibi shikamoo kwa adabu zote, akafungua daftari la watalii. Bibi akakataa. "Mimi mzaliwa wa kule. Naandikwa mgeni kwetu?" Kijana akajibu, "Samahani bibi yangu, lakini lazima jina liandikwe." Baba aliandika, na mahali pa kuuliza utokako akajaza Kilosa. Tukavuka mchana kwa boti ya mashine pamoja na watalii wawili wa Kichina, mume na mke. Kijijini kisiwani Bibi alitaja majina ya watu wake mbele ya kila mlango. Aliyepatikana alikuwa mwanamke mmoja aliyewahi kumjua dada yake, naye dada alikuwa amekufa zamani. Palipokuwa nyumba yao paliota michongoma. Bibi alisimama hapo, kisha akamwambia yule kijana, kwa sauti ya kuchoka, awatembeze basi hao wageni wake, na yeye akiwemo.

Tulizunguka msikiti mkuu, tukainama kuingia msikiti mdogo wenye makuba, tukaona darini matundu ya mviringo yaliyokuwa na mabakuli zamani. Kwenye ngazi yule mama wa Kichina alimshika Bibi mkono bila kuombwa, wakateremka pamoja polepole. Bibi akamwambia kijana, "Muulize, kwao mabakuli yenye samaki bado yapo?" Kijana akauliza, akarudi na jibu kwamba yapo tele, yanauzwa hata sokoni. "Basi angeniletea moja," Bibi alisema, akacheka. Katika safari ile, hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka.

Makaburi ndiyo yaliyommaliza. Alikuwa ametusimulia mabakuli yanayong'aa juani, na tulichokikuta ni mawe yaliyoliwa na chumvi, yenye mashimo duara. Kijana alisema vyombo vilibanduliwa siku nyingi, haijulikani na nani. Bibi aliingiza kiganja ndani ya shimo moja akakiacha humo. Hapo Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimjibu mama yake, akasema taratibu, "Mama, na hawa nao waliibiwa na wakwe zao?" Bibi alikitoa kiganja shimoni. Aliinamisha kichwa, na mimi nikaona kwamba shaka imemwingia, kwamba neno langu moja tu lingetosha kumrudisha Mama nyumbani. Nilifungua mdomo. Kijana akapiga makofi, maji yanakupwa, boti itakwama. Nikajiambia nitasema tukifika Masoko. Tulipofika Masoko nikajiambia nitasema Mikumi. Njiani kurudi kwenye boti, ingawa tulikatazwa kuokota chochote, niliokota kigae kidogo chenye mstari wa buluu nikakificha kwenye pindo la gauni, nikidhani nitampa Bibi, na kwamba hiyo itakuwa aina fulani ya kusema.

Sikumpa. Bibi Somoe alikufa mvua za vuli zilipoanza. Siku yake ya mwisho nilikuwa nampepea, na Baba alikuwa ameinama karibu na mdomo wake. "Mwambie mkeo," alisema, "nimemsamehe."

Mama alikuja msibani. Siku ya hitima alikaa uani na wanawake wengine akichambua mchele, mimi nikiwa nimeshika upande wa pili wa ungo wake. Baba alikuja akasimama mbele yetu, amevaa kanzu, anatetemeka kwa furaha ya mtu aliyeleta habari njema. Alisema kwa sauti ili watu wote wasikie kwamba marehemu amemsamehe Mama Zena, kwa hiyo arudi nyumbani kwake. Wanawake wakaanza kumshukuru Mungu. Mama aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Amenisamehe nini, Baba Zena?" aliuliza.

Baba alirudia, kwamba amesamehewa na arudi tu.

"Nikirudi kwa msamaha huo, nimekubali kwamba niliiba. Sirudi."

Akaniachia ungo, akanawa mikono, akawaaga wakubwa mmoja mmoja, akashika njia ya Zombo kwa miguu. Bibi alikuwa ameshazikwa, hapakuwa na wa kunichapa. Kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba niliogopa fimbo. Niliogopa macho ya Mama, kwamba angenitazama akaona mtu aliyemsindikiza mpaka njia panda huku akijua. Baada ya mwaka talaka ilipelekwa, Baba akaoa mke mwingine, Mama naye akaolewa kwao. Juu ya kaburi la Bibi waliweka sahani ya melamini yenye tundu. Nilisukuma kile kigae ardhini pembeni yake na sikuwahi kukitafuta tena.

Sasa nafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Mikumi. Wageni wangu huona tembo asubuhi, na jioni huniuliza habari za Kilwa wakiwa na picha za makaburi kwenye simu. Wakiniuliza kama nimewahi kufika huwajibu kwamba nilifika nikiwa mtoto, na kwamba ni pazuri. Dukani Kilosa mabakuli ya Kichina yamerundikwa hadi darini, na mwaka jana niliona moja lenye samaki wa buluu ndani. Nililinunua, nikapanda bodaboda mpaka Zombo. Mama amezeeka, magoti yanamsumbua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikampa bakuli, nikamweleza yote tangu ufunguo mpaka choo. Aliuliza vilikuwa vipande vingapi. Nikamwambia vitatu. 

"Miaka yote hii nilidhani ni baba yako," alisema. "Nilidhani aliliuza yeye, akaniachia mimi lawama. Hata alipokufa sikwenda kumzika."

Hakunitukana wala hakulia. Ijumaa iliyofuata aliniambia nimpeleke Ulaya, na bakuli tukalichukua. Kaburi la Baba lina kibao cha jina na majani tu, kwa sababu shehe wa siku hizi alishinda na vyombo haviwekwi tena. Mama alilizunguka kwa fimbo yake akauliza, "Hana hata sahani?" Nikamwambia hana. "Lete hilo bakuli." Tulikaa chini, yeye akalishikilia lisicheze, mimi nikachomoa msumari uliolegea kibaoni, nikaupigilia kwa jiwe katikati ya samaki. Kwa pigo la tatu bakuli likapasuka lote. Kwa muda mfupi nilikuwa tena na miaka kumi na mmoja, natafuta pa kuvificha vipande. Mama alivipanga kwenye udongo kichwani pa mumewe, kimoja kando ya kingine, akapangusa viganja. Lile la kwanza lilivunjika bila shahidi, likatugharimu nyumba nzima. Hili limevunjika mchana kweupe, mbele ya mwenyewe, na hakuna aliyeulizwa.