Neno la Walubengo Kuhusu Supachaja

Kwa miaka kumi na tisa Walubengo na Calvince walitengeneza magari chini ya bati moja pale Nyamasaria, na kwa miaka hiyo yote walishindwa kukubaliana juu ya jambo moja: injini isukumiwe hewa na turbo au na supachaja. Mimi nilikuwa nawauzia chai, kwa hiyo niliyasikia yote mpaka yakanitoka masikioni.

Calvince alikuwa mtu wa turbo. Alisema inazungushwa na moshi wa ekzosi, ambao ungetupwa tu, kwa hiyo ni nguvu ya bure. Walubengo alisema sawa, lakini ukikanyaga mafuta inakaa kwanza, kama mtu anayetafuta kiatu. Supachaja inafungwa mkanda kwenye injini yenyewe, ukiita, inaitika. Ubishi ukipamba moto, spana zinawekwa chini. Mteja mmoja aliacha gari Jumatatu litengenezwe breki. Ijumaa alilikuta bado juu ya mawe, na mafundi wawili wakimtaka yeye aamue.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba Walubengo hakuwahi kugusa supachaja maishani mwake. Aliiona mara moja tu, kwenye gari la mgeni lililokwama njia ya Luanda Kotieno, na hata hapo hakuruhusiwa kusogea.

Basi mwezi wa tatu presha ikamwangusha Calvince, akafa. Walubengo hakulia. Alikaa gereji wiki nzima bila kula, akieleza habari za supachaja kwa kila aliyepita. Watu walimhurumia, wakamkubalia kila kitu, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza.

"Agneta," aliniambia, "sasa nani atanibishia?"

Nikammiminia chai, ikapoa mbele yake.

Tukaenda kumzika kwao Kombewa, Ujaluoni. Huko, mwenye neno na marehemu hulisema kabla jeneza halijashuka. Wengine husema wamesamehe, wakakaa. Walubengo, Mbukusu wa watu, aliichukua desturi ilivyo. Alishika maikrofoni, akamgeukia Calvince na kumweleza supachaja kwa dakika ishirini na tano, akitumia tai yake kuonyesha mkanda unavyopita. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema amina. Kisha Walubengo akanyamaza, akasubiri ajibiwe, na alipoona kimya ndipo akalia. Nami nikalia, pamoja na hasira zangu zote.

Dorca, mjane wa Calvince, akainuka kando ya jeneza.

"Shemeji, hiyo mkanda yako inazungushwa na nani?"

"Na injini, Mama Debra."

"Sasa si unaibia injini nguvu, halafu unairudishia kidogo unasema umeisaidia?"

Mhubiri alifungua Biblia, akaifunga. Walubengo akajifuta uso kwa ile tai.

"Lakini turbo ya bwana yako inachelewa kuamka."

"Wacha ichelewe. Ikiamka si inafika? Matanga ikiisha nakuja huko gereji, juu naona bado hujaelewa."

Walubengo alirudi kwenye kiti chake akinung'unika kwamba mwanamke huyo hajui chochote kuhusu injini. Chakula kilipopakuliwa, alikula sahani mbili.