Fundi Santing na Ligi ya Wote

Kwa miaka tisa hakuna jezi iliyovaliwa katika uwanja wa kijiji cha Pangpang, mkoani Iloilo, ambayo haikupita kwanza chini ya cherehani ya Crisanto Demaisip, ambaye kila mtu alimwita Santing. Za mpira wa kikapu, za mpira wa wavu, za wauza samaki, za walimu, zote alizishona yeye. Mgongoni aliweka ukoo wa mchezaji kwa herufi kubwa, maana pale mtu hachezi kwa jina lake, anachezea ukoo. Ukifunga, baba yako ndiye anayesimama jukwaani na kujipiga kifua. Santing alishona koo za kijiji kizima. Hata DEMAISIP aliishona kila mwaka kwa ajili ya mdogo wake, Warlito. Kwa ajili yake mwenyewe hakuishona hata mara moja.

Sababu yake ni ya mwaka 1986. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa anaruka. Si kuruka kama mimi na wewe. Watu walisema Santing akipaa wavuni unaweza kumimina kahawa, ukainywa, ukaweka kikombe chini, naye bado hajatua. Akachaguliwa timu ya mkoa. Walipokuwa ndani ya basi kwenda kwenye mashindano ya kanda, kocha alikuta barua kwenye begi la mchezaji aliyekuwa akimpangia Santing mipira ya kupiga, kijana mmoja mpole aitwaye Jovencio. Barua ilikuwa imeandikwa na Santing. Haikuwa na matusi wala uchafu. Ilisema tu kwamba Jovencio akiinua mpira, Santing huona kama ameinuliwa yeye.

Kocha aliisoma kwa sauti, basi zima likisikia. Halafu akamwambia dereva asimame.

Santing alirudi kwa miguu na begi lake begani, na habari ikamtangulia kama moshi. Nyumbani alimkuta baba yake, Tay Osting, akipiga randa. Tay Osting alikuwa seremala, na nguzo za wavu wa Pangpang alizikata na kuzisimika kwa mikono yake. Hakupiga kelele. Alipuliza vumbi la mbao, akasema:

"Cheza unachotaka. Penda unayetaka, siwezi kukulinda mchana na usiku. Lakini jina langu usilifanye kichekesho mgongoni mwako."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya moja kwa moja kwa mwanawe. Kuanzia siku hiyo walizungumza kupitia kwa mama, Nay Pacing, ndani ya nyumba ya vyumba viwili!

"Nay, mwambie Tay wali umeiva."

"Pacing, mwambie huyo nimesikia."

Na mama wa watu, katikati yao, anageuza kichwa huku na huku kama refa. Miaka kumi na miwili.

Sasa, Pangpang haikuwachukia wanaume wanaopenda wanaume. Waliwaita agi, waliwapa nywele zao wazikate na nguo zao wazishone, na kila sikukuu ya mtakatifu wa kijiji waliwapa uwanja. Ila kwa sharti. Agi hucheza mpira wa wavu wakiwa na magauni, mawigi na viatu vya visigino. Pointi hazihesabiwi. Watu huja na familia zao, hununua mahindi ya kuchoma, wanacheka mpaka mbavu ziwaume. Santing hakuwahi kuvaa gauni uwanjani. Aliyashona tu, kisha akajifungia ndani.

Kilichombadilisha ni sikukuu ya mwaka 1997. Rafiki yake Bebang, agi mwenzake, msusi mnene mwenye ulimi usiolala, alijirusha chini na gauni lake la manjano akauokoa mpira ambao hata wa timu ya taifa wangeuacha. Mpira ukapaa, ukavuka wavu. Gauni nalo likapasuka mpaka kiunoni, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Santing alimkuta nyuma ya tangi la maji, rangi za macho zimemwagikia mashavuni.

"Niliuokoa ule mpira, Santing. Uliuona?"

"Niliuona."

"Basi uko peke yako. Wengine wote wameona matako yangu."

Ndiyo ikazaliwa Ligi ya Wote. Mwaka uliofuata, kabla ya sikukuu, Santing alikwenda kwa Kapteni wa kijiji, Dolfo, mtu wa tumbo na tabasamu, akamweleza: timu nne, jezi, refa, filimbi, pointi kumi na tano. Acheze anayetaka. Agi, mwanamke, mzee, kiwete, mtu yeyote anayeweza kusimama upande mmoja wa wavu.

"Na watu watacheka saa ngapi?" Kapteni aliuliza. Alikuwa anauliza kweli.

"Hawatacheka, Kapteni. Watashangilia."

"Mmh. Fundi, mimi nakupenda, suruali zangu zote wewe. Jumamosi ya sikukuu, saa tisa alasiri, uwanja wako. Lakini filimbi ikilia na timu haijatimia watu sita, hakuna ligi. Mnavaa magauni kama kawaida. Watu siwezi kuwarudisha nyumbani na nyuso zimekunjamana."

Miezi mitatu walifanya mazoezi alfajiri, kabla wakulima hawajaja kuanika mpunga juu ya ule ule uwanja. Mara nyingi walimalizia huku mtu mwenye reki amesimama pembeni, anakohoa. Manang Belen, muuza samaki wa miaka hamsini na sita, alipitia hapo kila asubuhi na beseni lake, naye alikuwa na maoni kuhusu kila kitu.

"Bebang! Mpira haung'ati! Unaufumbia macho ya nini?"

"Manang, nenda kauze samaki wako kabla hawajafufuka!"

"Samaki wangu wanaruka kuliko wewe!"

Timu ya Santing ilikuwa na watu sita kamili, hakuna wa akiba. Alishona jezi zote ishirini na nne. Yake aliiacha mgongo mtupu, na hakuna aliyeuliza.

Asubuhi moja Tay Osting alitokea uwanjani na kisanduku chake cha vifaa. Mazoezi yakasimama, kila mtu akaangalia vidole vyake vya miguu. Mzee hakumtazama yeyote. Alikwenda kwenye nguzo ya kushoto iliyokuwa imeanza kuinama, akaipima kwa timazi, akapigilia kabari mbili, akaitikisa, akapima tena. Akaondoka.

"Maana yake nini?" Bebang alinong'ona.

Santing aliitafuta hiyo maana wiki nzima. Pengine mzee alikuja kwa ajili ya mwanawe. Pengine alikuja kwa ajili ya nguzo, kwa kuwa seremala hawezi kulala akijua kazi yake imeinama. Alitaka sana kumuuliza, ila angemuulizaje? Kupitia kwa mama? Akaamua kwamba baada ya mechi atamuuliza mwenyewe, uso kwa uso.

Jumatano ya wiki ya sikukuu, Tay Osting alianguka mezani pake pa kazi, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Hakufika jioni.

Santing alikuwa mjini kununua uzi. Alipofika, alimkuta mama ameketi, mikono mapajani.

"Nay, alisema chochote?"

"Aliomba maji."

"Kabla ya hapo?"

Nay Pacing alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu hakuwa mtu wa kutunga. "Kabla ya hapo aliuliza msumeno wake mdogo uko wapi."

Jeneza likawekwa sebuleni, na mazishi yakapangwa Jumapili. Kule maiti haiachwi peke yake hata dakika moja, na wafiwa wana miiko yao. Hawaogi ndani ya nyumba ile, hawachani nywele, hawavai nyekundu, hawaendi penye furaha. Mtoto wa kwanza wa kiume huketi upande wa kichwa cha jeneza na kupokea mikono ya watu. Wajomba na shangazi waliokuwa wakimpita Santing njiani kama kisiki, sasa walimtafuta kwa macho.

"Wewe ndiye mkubwa," shangazi alisema, akimbania kitambaa cheusi kifuani. "Kaa hapa. Leo wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii."

Miaka kumi na miwili hakuwa mwana wa mtu, na siku hiyo moja aliyotakiwa kuwa mahali pengine, akawa mwana wa kwanza.

Ijumaa Bebang alikuja. Alisali kidogo, akala biskuti nyingi, kisha akachuchumaa karibu na kiti cha Santing.

"Dada," alisema, kama agi wanavyoitana, "nakuonea huruma, kweli. Lakini tuko watano."

"Najua."

"Kapteni ameshatoa magauni. Yametundikwa kwenye uzio wa uwanja, yanapepea. Yananitazama, Santing."

"Tafuta mtu."

"Nani? Wanaume wamekataa, eti wataambukizwa. Dakika arobaini tu. Unakuja, unapiga, unarudi. Marehemu haendi popote."

Warlito alisikia. Alikuwa mpole kuliko baba yake, ila mambo aliyaona kwa juu juu. "Kaka, nenda," alisema. "Hata jina shona sasa. Nani atakukataza?"

Santing alimwangalia. "Yaani amekufa, ndiyo ruhusa yangu hiyo?"

Warlito akaanza kukusanya vikombe.

Ukweli ni kwamba Santing alikuwa akitamani sana kwenda. Tangu basi lile hakuwahi kucheza mchezo wenye refa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na miguu haimsubiri mtu. Lakini aliwaona kwa mawazo watu wa Pangpang wakirudi makwao kesho yake. Wasingesema Santing amecheza vizuri. Wangesema, huyo agi alikwenda kuruka na baba yake bado hajafukiwa. Na ligi nzima ingebaki na harufu hiyo. Na pengine, hili alijiambia kwa siri, alitaka kuketi karibu na mzee kwa muda mrefu bila mtu katikati, hata kama ni namna hii.

Alimpa Bebang jezi yenye mgongo mtupu. "Mpe atakayekubali. Akitoka sayari nyingine mpe."

Jumamosi saa tisa alasiri waombolezaji walikuwa wachache, wengine wote wako sikukuuni. Kutoka kwenye jeneza hadi uwanjani ni nyumba sita. Filimbi ililia. Nay Pacing akanyanyuka, akafungua dirisha la upande ule.

"Joto," alisema, ingawa mvua ilikuwa imenyesha.

Santing aliketi wima, mkono mmoja juu ya mbao za jeneza. Alisikia kicheko kikubwa, akafumba macho. Baadaye alikuja kujua kwamba watu walimcheka Manang Belen, aliyeingia uwanjani na jezi ndefu hadi magotini, bado ananuka samaki, akipaza sauti, "Mnacheka nini? Mimi ndiye wa sita! Refa, hesabu!" Kisha kicheko kikapungua. Mlio wa mpira ukaanza kusikika wenyewe. Santing aliujua kila mlio. Huu mikono miwili, umepokewa. Huu vidole, umepangwa. Hapa angeruka yeye. Aliruka mtu mwingine, akachelewa kidogo, mpira ukagonga wavu. Misuli ya mapaja yake ikakaza na kulegea, kukaza na kulegea, naye ameketi kitini kama mgeni.

Mara uwanja ukaanza kuhesabu kwa pamoja. Kumi na moja. Kumi na mbili. Watu wale wale! Hakuna aliyekuwa akicheka.

Saa kumi na moja walikuja wote, jasho na matope, wakasimama mlangoni kwa aibu mpaka Nay Pacing alipowaita.

"Tumefungwa," Bebang alisema. "Kumi na tano kwa kumi na tatu. Manang ameokoa mitatu."

"Minne," alisema Manang Belen.

"Minne. Wa nne kwa uso."

Kweli, pua ya Manang ilikuwa imevimba. Santing alicheka, halafu kicheko kikageuka njiani, akainamisha kichwa juu ya jeneza na kulia kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Hakuna aliyejua analilia kipi. Sidhani kama hata yeye alijua. Wachezaji walikula biskuti kimyakimya, wakaondoka.

Wa mwisho kuja alikuwa Kapteni Dolfo, na shati la sikukuu. Alitoa pole, akakaa, akazungusha kofia.

"Fundi, sitakudanganya. Mechi ilikuwa nzuri. Nzuri sana, mimi mwenyewe nilisimama. Lakini watu hawakucheka, unaona. Wenye vibanda wananilalamikia, eti watu walisahau hata kununua mahindi. Mwakani nadhani turudi kwenye magauni. Si kwa ubaya."

Santing alimtazama kwa macho mekundu. "Msiba wetu ni mwaka mmoja, Kapteni?"

"Mwaka mmoja. Mila ni mila."

"Basi mwakani Jumatano tunavua kitambaa hiki. Jumamosi nitakuwa uwanjani. Mshonaji wa magauni ni mimi siku zote, na mwakani sitayashona."

Kapteni alisimama. Si mtu mbaya. Alimshika Santing bega, akamwinamia marehemu, akaelekea mlangoni. Santing alinyanyuka amfuate, maana alikuwa na mengi zaidi ya kumwambia.

Nay Pacing akamvuta shati.

"Kaa, mwanangu. Ni mwiko, mfiwa hamsindikizi mgeni."

Akakaa.