Kiganja Mbele ya Wadenmaki

Andika kama ninavyosema, Salma, wala usinipambie maneno. Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi mmoja wa muziki wa Selly Oak, huku ughaibuni, Fundi Mkuu alinipeleka nyuma ya jukwaa akanionyesha swichi kuu, ile inayokata umeme wote wa jukwaani. Sikupata kusoma hata darasa moja, kwa hiyo alinifundisha kwa vitendo.

"Usiikate spika zikinguruma," aliniambia. "Wanamuziki wapunguze sauti kwanza, ndipo uzime. Ukikata ghafla, spika hupiga kishindo, na huenda zikapasuka."

Niliishika sheria hiyo kama nilivyoshika sala.

Fundi Mkuu alipohamishwa, nikabaki chini ya Meneja wa Ukumbi, mtu mkavu. Nilikuwa bado katika majaribio. Bibi yako alikuwa Mombasa na baba yako mchanga, akingoja nithibitishwe kazini ndipo nimwite Stechford, nilikokuwa nimepanga chumba.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wakaja vijana wanne kutoka Denmaki kuwapigia wanafunzi wa chuo muziki wa roki ambao redio haikuthubutu kuupiga. Meneja akaniambia, "Majirani wamekwisha kulalamika. Nikiinua mkono, zima. Usiponitii, kesho usije."

Walianza jua bado lipo madirishani. Mmoja alisugua nyuzi za gitaa kwa upinde wa fidla. Mwingine aliburura mnyororo juu ya ngoma. Nilidhani vyombo vimeharibika. Kisha sauti zile zikaungana, sakafu ikatetemeka, na kifuani mwangu ikawa kana kwamba mtu amefungua madirisha ambayo sikujua ninayo. Nilijikuta nikisema, "Subhanallah," na sikuona haya.

Ndipo Meneja akainua mkono mlangoni.

Spika zilikuwa zikinguruma. Sikuigusa swichi, nilipanda jukwaani kuwaambia wapunguze. Kwa kishindo kile hakuna neno ambalo lingesikika, basi nikanyoosha kiganja, nikakishusha polepole. Mpiga gitaa akanitazama, akashusha sauti. Wenzake wakamfuata. Nikasita kwa mshangao. Nao wakabaki palepale, wakiishikilia sauti ileile, macho yote kwenye kiganja changu. Walidhani nimekuja kupiga nao!

Nikaendelea kushusha. Muziki ukashuka nami, ukawa mwembamba, hata tukasikia garimoshi likipita stesheni. Kiganja kilipofika gotini, pakawa kimya. Nikarudi nyuma ya jukwaa, nikazima.

Meneja akanijia. "Nani alikutuma kupanda jukwaani?"

"Sheria ya Fundi Mkuu, bwana. Wapunguze kwanza."

Akawatazama wanafunzi, hakuna aliyekuwa amethubutu kupiga makofi. "Niliinua mkono," akasema taratibu, "nikasahau kuuteremsha."

Mpiga gitaa akapita na gitaa lake begani. "Kesho tunapiga London, bwana. Hicho kiganja utakileta?"

"Kina kazi hapa," Meneja akamjibu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimethibitishwa. Baba yako husema muziki ule ulikuwa kelele tupu. Mwambie kelele hizo ndizo zilizomleta Stechford.

Nilifanya kazi pale hadi kustaafu. Siku ya mwisho waliniomba nizime swichi kuu kwa heshima. Ukumbi ulikuwa mtupu, hapakuwa na sauti ya kupunguza. Hata hivyo, nilishusha kiganja kwanza.