Nilimwaga dawa ya kinyama cha mwanangu, sasa anasubiri majibu ambayo hayaji

Admin, nifichie jina, mwanangu yuko humu. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Sombetini, shule niliishia darasa la nne, mnivumilie uandishi. Nina binti wa miaka 30, fundi cherehani, anaimba kwaya kanisani. Mwaka huu alitokewa na kidonda pembeni ya ulimi, hakiponi. Tukapima, ikaonekana ni saratani, ila changa. Wakaikata yote. Tulilia kwa furaha, jamani.

Daktari akaniita. "Mama, tumeitoa, lakini sijui kama imeshaanza kutembea kwenda kwenye tezi za shingo. Kuna kipimo kinaangalia protini ndani ya hicho kinyama tulichokata. Hakitupi uhakika wote, ila kitatusaidia kukadiria kama ni ya kusambaa. Ndipo tujue tumpasue shingo au tumwangalie tu." Kipimo hicho hapa kwetu hakuna. Nikapewa kinyama kwenye kichupa chenye maji makali, nikipeleke mwenyewe maabara mkoa mwingine. "Usifungue," akaniambia.

Ilikuwa Ijumaa, safari ni Jumatatu. Nyumbani kile kichupa kikawa kinanuka hadi macho yananitoka machozi. Nikawaza, dawa kali hivi si itaunguza nyama yote, wakapime nini? Mimi nimekulia kijijini Olmotonyi, nyama tunaitunza kwa chumvi. Nikamwaga ile dawa, nikaweka maji ya kuchemsha yenye chumvi, nikafunga vizuri kwa kitambaa. Nilijiona nimefanya la maana!

Kule maabara binti mmoja akaniamkia shikamoo vizuri, akafungua, akageuza uso. "Mama, hiki kimeoza. Nani alibadilisha dawa?" Nikasema, "Sijui, mwanangu." Mdomo ulisema wenyewe.

Nilimpelekea daktari karatasi waliyoniandikia maabara. Akaisoma mara mbili. Akasema hakuna kipande kingine, kile cha mwanzo, kabla hawajaikata yote, kilikuwa kidogo kikaishia kwenye kipimo cha kwanza. Sasa mgonjwa mwenyewe achague, shingo ipasuliwe bila kujua, au aangaliwe kila mwezi. "Mlete wiki ijayo, asichelewe."

Hiyo wiki imeshapita. Binti yangu nilimwambia maabara wanarudia kipimo. Kila asubuhi ananiuliza, na ulimi wake bado mzito, "Mama, hawajapiga?" Juzi alinitania, "Furahi, sasa hivi kwa maneno unanishinda." Halafu akakasirika, "Hao watu wazembe! Nipe namba yao niwatukane mwenyewe. Mimi sikatwi shingo kwa kubahatisha, nasubiri majibu yangu." Nikajifanya naangalia maharage jikoni.

Nina hasira na kila mtu. Kwa nini nyama ya mgonjwa ibebwe na mama yake kwenye mfuko? Kwa nini hawakuniambia ile dawa ndiyo inazuia isioze? Lakini aliyefungua ni mimi, na kila siku anayosubiri, ninayemchelewesha ni mimi. Nikimwambia, sijui kama ataniamini tena kumuuguza, na hana mwingine. Nimefikiria nimwombe daktari aseme maabara ndio waliharibu, ila yule binti wa shikamoo hana kosa.

Mliowahi kuuguza, niambieni nianzeje hayo maneno. Maana sasa hivi yuko chumba cha pili anashona, na mlango uko wazi.