Radhi Aliyoitaka Kapteni

Usiku ule wa kuamkia siku niliyotakiwa kumwomba radhi Kapteni mbele ya marubani wote, nililala nikiwa nimekwisha kuyapanga maneno ya unyenyekevu. Kosa nililoshtakiwa lilikuwa hili: tukishuka juu ya ziwa ili kutua nyuma ya ndege kubwa ya mizigo, tuliingia katika hewa iliyovurugwa na mabawa yake. Ubawa wetu wa kushoto ulizama. Mimi, rubani msaidizi, nilisema, "Kapteni, tupande tena." Aliendelea kushuka. Nilirudia, akazidi kushuka. Basi nikashika usukani, nikaongeza nguvu ya injini, tukapanda, tukazunguka, tukatua. Abiria walishuka salama. Kapteni alishuka ameaibika.

"Binti, hata kama ulikuwa sahihi, yule ni mzee wako," mkuu wa marubani aliniambia. "Usipoomba radhi, hapa hurushi ndege tena."

Usingizini nilikuwa tena juu ya ziwa, ndege ikishuka. Kiti cha Kapteni kilikuwa kitupu. Mlango ukafunguka, akaingia Bibi, mzaa mama, aliyefariki nilipokuwa chuoni na ambaye maishani mwake hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha shambani, udongo mbichi ungali miguuni. Nilijua amekuja kunikaripia, kwa maana yeye ndiye aliyenifundisha kuwapigia wakubwa goti. Nikauacha usukani, nikapiga goti.

"Shikamoo, Bibi."

Ndege inalala ubavu. Ziwa linapanda dirishani.

"Inuka," anasema. "Ukinipigia goti hapa, nani ameshika ndege?"

Ninainuka, ninashika, ndege inatulia. Na dirisha limekwisha kuwa mlango wa jiko lake, moshi unatambaa juu ya mishale ya vipimo vya mwendo na kimo. Bibi ameketi juu ya kigoda, anamenya ndizi.

"Mke mwenzangu," ananitania kama zamani, "ndiyo unamwogopa Kapteni? Hukumjua mume wetu! Mto umefurika, yeye anasema tuvuke. Mama yako ninaye mgongoni. Nikasema sivuki. Alininunia hadi mavuno."

"Ulimwomba radhi, Bibi?"

"Nilimpikia. Nilimtengea maji ya kuoga. Radhi ya nini, na mtoto wake ni mkavu?"

Jiko linarefuka. Abiria wa siku ile wameketi kwenye mikeka, safu kwa safu, mikanda viunoni, na mama mmoja ananyonyesha. Bibi anapita katikati yao akiwagusa vichwa, polepole, kama anayepapasa miche. Anageuka.

"Mkubwa mpe heshima yake yote," anasema. "Lakini roho za hawa usimpe."

Nikanyoosha mkono nimguse, nikagusa ukuta. Kumekucha. Dada yangu, ninayeishi naye, alikuwa amesimama mlangoni.

"Amka, gari limefika. Yale maneno umeyakariri?"

"Nimeyaacha."

"Wewe! Unataka kumdhalilisha mzee wa watu?"

"Nitamwamkia kama mzee wangu. Kisha nitawaambia wote watakaokuwa pale kwamba ndege ikiyumba tena nitasema tena, na asiponisikia, nitashika tena."

Dada aliniangalia kama mtu aliyeona mgonjwa akijitoa kitandani.

"Na kazi yako je?"

Nilikuwa nimekwisha kuanza kufunga vifungo vya sare.

"Hiyo ndiyo kazi yangu, Dada."